Okidi huota kwa mbegu: tusiendelee kuing'oa porini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji ili nisahihishe jambo lililoandikwa hivi karibuni katika safu ya bustani ya gazeti lako. Mwandishi wa safu hiyo, akimjibu msomaji wa Iringa aliyetaka kuotesha okidi chui nyumbani kwake, alisema kwamba okidi haioti kwa mbegu, na kwamba njia ya uhakika ni kwenda porini, kukitafuta kichaka chake juu ya mti, kukipasua kwa panga na kurudi na kipande. Sehemu ya kwanza ya jibu hilo si kweli, na sehemu ya pili inaleta hasara ambayo sisi wakazi wa Nyanda za Juu Kusini tunaiona kwa macho yetu. Nimefundisha Biolojia katika shule za sekondari hadi nilipostaafu, naishi Uyole, na kwa miaka tisa sasa nimekuwa nikihangaika na okidi hiyo hiyo, kuanzia mbegu hadi ua. Ninayoyaeleza hapa nimeyafanya kwa mikono yangu, na makosa yake ni yangu.

Okidi chui, ambayo wanasayansi wanaiita Ansellia africana, ni mmea wa nchi ya joto. Haioti ardhini kama okidi za Kitulo, bali hukaa juu ya mti, mara nyingi kwenye panda ya matawi, ikijishikiza kwa mizizi yake bila kunyonya chochote kutoka kwenye mti huo. Nalisisitiza hili kwa sababu nimewakuta wakulima wakiikata kwa nia njema kabisa ya kuuokoa mwembe wao, wakidhani ni kimelea. Mwembe haukuwa na shida yoyote. Mizizi yake mingine huchomoza kwenda juu kama sindano nyingi zilizosimama, ikafanya kikapu kinachodaka majani makavu yanayodondoka kutoka juu, na majani hayo yakioza ndiyo riziki yake. Inapochanua mwishoni mwa kipupwe, wakati miti mingi ya miombo haina jani, hutoa mashada marefu ya maua ya manjano yenye madoa ya kahawia kama ngozi ya chui, na ndiyo asili ya jina lake. Jina la kisayansi alilipa Mwingereza John Lindley mwaka 1844, kwa heshima ya John Ansell, aliyeikusanya katika kisiwa cha Fernando Po, ambacho leo kinaitwa Bioko. Mmea huu umeenea kuanzia Afrika Magharibi hadi Afrika Kusini, na kwetu nimeukuta katika pori la Chunya na katika bonde la Usangu.

Mimea yangu miwili ya kwanza niliipata Chunya, mahali ambapo vijana walikuwa wakikata miti ya mkaa. Mti ulikuwa tayari umeanguka, na kichaka cha okidi kilikuwa kimelala chini pamoja na tawi lake, kikingoja kuunguzwa. Nilipoomba nikichukue, kijana mmoja aliniuliza, "Mwalimu, shikamoo, hilo unalipeleka wapi? Si dawa, si kuni." Alinisaidia kukifunga kwenye gunia, akanionyesha kingine hatua chache mbele, naye hakutaka malipo. Sikuweza kuviweka Uyole, kwa kuwa baridi ya Juni na Julai ingeviua. Nilivipeleka Chimala kwa dada yangu, chini ya safu ya milima, ambako joto linatosha, nikavifunga kwenye mwembe ulio nyuma ya nyumba. Agosti ya mwaka uliofuata vilichanua vyote viwili.

Ni rahisi kuelewa kwa nini watu husema kwamba okidi haioti kwa mbegu. Ukilipasua tunda lake lililokauka, huoni mbegu kama za mchicha au za nyanya. Unaona vumbi la rangi ya maziwa yaliyochujuka, ambalo hupeperuka kwa pumzi tu. Kila chembe ya vumbi hilo ni mbegu, na tunda moja la okidi huweza kubeba mamia ya maelfu ya chembe hizo. Kuna aina zinazopita milioni. Wingi huo una gharama yake. Punje ya mahindi humfungia mtoto wake masurufu ya safari, hivyo ikipata maji tu inaota. Mbegu ya okidi haina akiba hiyo hata kidogo. Porini huanguka kwenye gome la mti na kusubiri kuvu maalumu waingie ndani yake, na ni kuvu hao wanaoilisha sukari na madini mpaka itakapotoa jani la kwanza. Isipokutana nao, inakufa. Ndiyo maana mtu akiinyunyiza kwenye kopo la udongo haoni kitu hata baada ya mwaka, akakata shauri kwamba haioti.

Siri hiyo iliwasumbua hata wakulima wa Ulaya katika karne ya kumi na tisa, waliokuwa na mabanda ya vioo na fedha nyingi. Walizimwaga mbegu kwenye shina la mmea mama, wakaomba bahati, na walipata miche michache katika maelfu ya mbegu. Mwaka 1899 Mfaransa Noël Bernard aligundua kwamba mbegu zilizoota zilikuwa na kuvu ndani yake, na zisizo na kuvu hazikuota. Kisha mwaka 1922 Lewis Knudson wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, akachapisha njia nyingine iliyobadilisha kila kitu: badala ya kumtafuta kuvu, uipe mbegu yenyewe sukari na madini ndani ya chupa safi isiyo na kiumbe kingine chochote. Njia hiyo imetimiza zaidi ya miaka 100, na okidi nyingi zinazouzwa leo katika maduka ya maua duniani zimetoka kwenye chupa za namna hiyo, ama kwa mbegu ama kwa vipande vya mmea. Kwa hiyo mwandishi wa safu yenu alikuwa akiwapa wasomaji habari iliyopitwa na wakati kwa karne nzima.

Kazi huanza kwenye ua. Okidi haina unga wa chavua unaopeperuka kama wa mahindi. Chavua yake imefungwa katika vidonge vidogo vya manjano, vilivyofichwa chini ya kifuniko mfano wa kofia kwenye ncha ya kijiti kilicho katikati ya ua. Asubuhi ile ya Agosti, dada yangu akiwa amenishikia tochi, nilichonga kijiti cha kiberiti hadi kikawa chembamba, nikainua kofia ile polepole, na vidonge vikaganda kwenye ncha ya kijiti. Nyuma kidogo ya mahali hapo kuna kishimo chenye ute unaonata kama utomvu wa fenesi. Nilivipachika vidonge vya mmea wa kwanza katika kishimo cha ua la mmea wa pili, kwa sababu mbegu za mimea miwili tofauti kwa kawaida huwa na nguvu kuliko za mmea uliojichavusha wenyewe. Baada ya siku chache ua lilisinyaa, na bua lililo nyuma yake likaanza kuvimba. Nilichavusha maua sita na nikaacha matunda mawili tu, ili mmea usielemewe. Matunda yalikaa zaidi ya miezi mitano. Niliyakata Februari, yalipoanza kugeuka kutoka kijani kwenda manjano lakini kabla hayajapasuka, kwa kuwa tunda lisilopasuka ni safi ndani na linapunguza kazi kubwa ya kuua vijidudu.

Sasa nifike kwenye chupa, maana hapa ndipo nilipoanguka, na naamini wengine wa Mbeya na Iringa wataanguka hapo hapo wasipoambiwa. Chakula cha mbegu nilikitengeneza kwa lita moja ya maji ya mvua yaliyochujwa, gramu 20 za sukari, gramu moja ya mbolea ya majani inayoyeyuka yote majini, nusu kikombe cha maji ya dafu, kijiko cha chai cha unga laini wa mkaa, na gramu 7 za agari, ambayo ni unga unaotokana na aina fulani za mwani na unaogandisha maji yakawa kama jeli. Uchachu wake nilioupima kwa karatasi ya kupimia tindikali ulikuwa kati ya 5 na 6, kama inavyotakiwa. Nilikigawa katika chupa 40 za jemu, nikatoboa kila kifuniko tundu dogo na kuliziba kwa pamba, nikazipika katika sufuria ya presha kwa dakika 15, kama nilivyokuwa nimesoma vitabuni. Ndani ya wiki moja chupa 34 zilikuwa na ukungu wa kijivu na wa kijani, na sita zilizobaki nazo ziliharibika kabla mwezi haujaisha. Tunda zima lilikuwa limepotea.

Nilikaa siku kadhaa nikiulaumu mkono wangu, hadi nilipokumbuka somo nililolifundisha mwenyewe darasani miaka yote. Mbeya iko juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,700 hivi, na kwa urefu huo maji huchemka kwenye nyuzi 94 au zaidi kidogo, wala si 100. Sufuria ya presha nayo huongeza mgandamizo wake juu ya ule uliopo hewani, na hewa yetu ni nyepesi. Sufuria ambayo Dar es Salaam ingefika nyuzi 121 kwa mgandamizo wa pauni 15, kwetu hufika 118 tu au karibu na hapo. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini vijimbegu vya bakteria na vya ukungu ni vigumu mno, na dakika 15 zilizoandikwa kitabuni ziliandikwa na mtu wa pwani. Awamu ya pili nilipika kwa dakika 40. Tena nilihakikisha kwanza kwamba mvuke umetoka kwa dakika tano mfululizo kabla ya kuweka kizuizi, kwa sababu hewa iliyobaki ndani ya sufuria huzuia joto lisipande. Mwenye kuishi Kyela hahitaji muda huo wote. Mwenye kuishi Makete auongeze.

Jambo la pili nililolibadilisha ni mahali pa kupandia. Mara ya kwanza nilifanyia kazi hiyo juu ya meza ya chakula, dirisha likiwa wazi. Mara ya pili nilitumia kasha kubwa la plastiki angavu nililoligeuza ubavuni, nikatoboa matundu mawili ya kupitishia mikono, nikalifuta lote ndani kwa spiriti, nikavaa glavu na kufunga mdomo na pua kwa kitambaa. Tunda la pili, ambalo nilikuwa nimelihifadhi kwenye karatasi ndani ya jokofu, nililisugua kwa mswaki na sabuni, nikaliloweka kwa dakika 20 katika dawa ya kung'arisha nguo iliyozimuliwa, ile ambayo sote tunaiita jiki, kisha nikalisuuza kwa maji yaliyopikwa katika sufuria ile ile. Nililipasua kwa wembe mpya uliopitishwa kwenye moto na kuachwa upoe. Mbegu zilitoka kama unga wa sembe uliopata unyevu kidogo. Nilizitandaza kwa ncha ya kijiko juu ya jeli, nyembamba kabisa, nikafunga chupa. Wanaoanza wanaweka mbegu nyingi mno katika chupa moja. Ncha ya kijiko inatosha chupa tatu. Taa ya spiriti isiwashwe mpaka mvuke wa spiriti uliofutia kasha uishe kabisa, maana mvuke huo hulipuka, na hilo sipendi mtu alijifunze kwa kuungua.

Kati ya chupa 36 za awamu hiyo, 29 zilibaki safi. Hapo nikafanya jaribio ambalo ni la muhimu kwa wasomaji wa nyanda zetu. Chupa 12 niliziacha Uyole kwenye rafu ya sebule, na 17 nilizipakata kwenye basi hadi Chimala, nikazipanga ndani ya chumba chenye mwanga wa kutosha lakini bila jua la moja kwa moja. Za Chimala zilibadilika mwezi wa pili tangu kupandwa. Ukiitazama jeli kwa lenzi ya mkononi ungeona chembe zile za vumbi zimenenepa na kuwa vijidonge vya kijani, vidogo kuliko punje ya ulezi, vyenye vinyweleo vyeupe upande wa chini. Huo ndio utoto wa okidi. Hauna jani wala mzizi bado. Mwezi wa nne kila kidonge kilikuwa na ncha iliyochongoka, na mwezi wa sita vijani viwili. Za Uyole nazo ziliota, ila kwa kuchelewa, na kipupwe kilipoingia zilisimama kabisa. Rangi yao iligeuka kuwa ya manjano yenye wekundu, na kufikia Septemba chupa mbili tu ndizo zilikuwa na kitu kinachoishi. Mbegu zilikuwa za tunda moja, chakula ni kile kile, mkono ni ule ule. Aliye Mbeya mjini, Makambako, Njombe au Mafinga na anayetaka kuotesha okidi ya nchi ya joto, basi aandae kwanza mahali penye joto la nyuzi 25 hadi 28, hata kama ni kabati lenye balbu ndogo ndani, kabla hajanunua agari.

Miche iliyobanana niliihamishia chupa mpya, kwa usafi ule ule, nikaiacha hadi ilipokuwa na mizizi mitatu au minne. Nilifanya kosa jingine nilipoitoa chupani Januari, katikati ya mvua. Ilikuwa miche 260 hivi. Mche uliokulia ndani ya chupa ni kama mtoto aliyelelewa chumbani: ngozi ya jani lake ni laini, haujawahi kukutana na ukungu wala na upepo, na unyevu wa Januari uliozesha zaidi ya 100 kabla masika hayajaisha. Tangu wakati huo naitoa Septemba, joto linapopanda na hewa ikiwa kavu, naisuuza jeli yote kwa maji ya uvuguvugu ili isialike ukungu, na kuiweka chini ya neti ya kivuli. Haipandwi kwenye udongo. Naipanda kwenye vipande vya mkaa vilivyochanganywa na magome ya misindano, na kwa magome hayo Nyanda za Juu Kusini tumebarikiwa: kwenye viwanda vya mbao vinavyopata magogo kutoka shamba la miti la Sao Hill, Mufindi, yamelundikana na kuchomwa moto kama takataka. Niliomba gunia moja Mafinga nikapewa matatu. Huchemshwa, hukaushwa, kisha hukatwa vipande vya ukubwa wa punje za mahindi kwa miche midogo na vya ukubwa wa kidole gumba kwa mikubwa.

Leo nina mimea 96 iliyo hai kutokana na tunda lile moja. Wa kwanza ulichanua Agosti mwaka juzi, ukiwa katika mwaka wa sita tangu mbegu ilipowekwa chupani. Maua yake yalikuwa na madoa machache kuliko ya wazazi wote wawili, karibu manjano tupu, na wa pili uliochanua mwaka jana una madoa mazito kiasi kwamba kwa mbali unaonekana wa kahawia. Mwenye kupasua kichaka porini hupata kile kile alichokikuta. Mbegu humpa kila mche sura yake, na mara hii nimeona raha ile ambayo mfugaji wa ng'ombe huiona ndama anapozaliwa.

Miaka sita ni mingi, sikatai. Najua ndilo litakalokuwa jibu la mwandishi wa safu yenu, kwamba msomaji wa Iringa hataki kungoja miaka sita wakati kichaka cha porini huchanua mwakani. Lakini nimeona kinachowapata vichaka hivyo. Wauzaji wa maua huvileta kutoka Chunya na Usangu vikiwa vimekatwa mizizi yote mirefu ili vienee kwenye ndoo, na mnunuzi huvipanda kwenye udongo mzito wa bustani mjini, akavimwagilia kila siku katika baridi ya Juni, wakati ambapo mmea huu unapaswa kuwa mkavu na umepumzika. Mnunuzi anaona amekosa bahati, anarudi kununua kingine. Kichaka kilichochukua miaka mingi sana kufikia ukubwa wa ngoma kinamalizwa katika kipupwe kimoja, na porini panabaki pengo ambalo halizibwi upesi, kwa maana mbegu zilizobaki zinahitaji gome linalofaa na kuvu wake, na miti yenyewe inakwenda kwenye tanuri la mkaa. Tena kuchukua mazao ya msitu wa hifadhi bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Haifai gazeti limshauri msomaji kufanya jambo hilo bila hata kumtajia kibali.

Wapo pia wanaofikiri biashara. Okidi zote zimo katika orodha za mkataba wa kimataifa wa CITES uliotiwa saini mwaka 1973, unaosimamia biashara ya viumbe vya porini vilivyo hatarini, na okidi chui iko katika Kiambatisho cha Pili. Mkataba huo huo umeiachia nje ya masharti yake miche ya okidi za kiambatisho hicho iliyooteshwa ndani ya chupa safi na inayosafirishwa humo humo, ingawa taratibu za nchi za afya ya mimea zinabaki palepale. Maana yake ni kwamba kijana wa Mbarali mwenye sufuria ya presha ana mlango halali ambao mwenye panga hana.

Nisieleweke vibaya kuhusu Kitulo. Ukitoka Chimala na kupanda kona zile tunazoziita Hamsini na Saba hadi Matamba, unaiacha nchi ya okidi chui na kuingia nchi nyingine kabisa, yenye baridi na umande mzito, ambako okidi huota ardhini katikati ya majani. Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, ambayo wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu, ilianzishwa mwaka 2005 na ina aina 45 za okidi. Njia niliyoieleza hapa isichukuliwe kwamba inazifaa hizo. Nyingi za ardhini ni ngumu zaidi kuoteshwa bila kuvu wake, na ndani ya hifadhi hairuhusiwi kuchuma hata tunda moja. Vilevile isidhaniwe kwamba chupa zitamaliza tatizo la chikanda, yaani viazi vya okidi vinavyochimbwa katika wilaya zetu na kupelekwa Zambia, ambako huchanganywa na karanga na kuliwa. Watafiti waliochapisha makadirio yao mwaka 2003 walisema vilikuwa vikitoka hadi milioni nne kwa mwaka, na kila kiazi kilichochimbwa ni mmea mmoja uliokufa. Hilo ni jambo la chakula na kipato, linahitaji barua yake. Nimelitaja kwa sababu tu ushauri wa kuchukua porini unawaangukia watu ambao tayari pori lao linachimbwa kutoka upande mwingine.

Ninachokiomba kwako, Ndugu Mhariri, ni kwamba safu ya bustani ichapishe masahihisho, na kwa ukubwa ule ule uliotumika kuchapisha kosa. Ninachokiomba kwa wenye maabara ni kidogo zaidi. Wakulima wa Rungwe na Mbeya wanaijua miche ya migomba ya tishu na mbegu za viazi mviringo zilizoanzia chupani. Palipo na kazi hiyo, vifaa vyote vya kuotesha okidi vipo tayari, tena bora kuliko kasha langu la plastiki. Rafu moja tu ingetosha kutoa miche elfu kadhaa kwa mwaka, na muuza maua wa kando ya barabara angekuwa na kitu cha kuuza bila kupanda mti na panga. Shule za sekondari nazo zisijione ndogo mno. Kidato cha tatu wanaweza kuifanya kazi hii yote hadi hatua ya vijidonge vya kijani ndani ya muhula mmoja, na nasema hivyo kwa sababu nimewafundisha watoto wa umri huo.

Agosti iliyopita nilichavusha ule mmea wenye maua ya manjano tupu kwa chavua ya ule wenye madoa mazito. Matunda manne yako mwembeni Chimala, na dada yangu anayaangalia kila jioni. Nitayakata mwezi ujao. Moja nitabaki nalo mimi. Matatu nayatoa bure kwa shule au maabara yoyote ya Mbeya, Iringa, Njombe au Songwe iliyo na sufuria ya presha na mtu mmoja mvumilivu, na nitakwenda mwenyewe kuwaonyesha siku ya kwanza, mradi barua yao ifike kwenye dawati lako kabla matunda hayajapasuka.

Wako mtiifu,
Mwalimu mstaafu wa Biolojia,
Uyole, Mbeya.